Jina Lililotiwa Kwenye Wimbo

Tsofa alikuja Jumamosi, saa kumi kasorobo alasiri, jua la Mishomoroni likiwa bado lina meno. Alikuja kwa miguu, gitaa mgongoni, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono inakata. Nyamvula alimwona tangu akiwa pale kwenye kioski cha maji, akaacha cherehani, akajifanya anatafuta uzi. Uzi wenyewe ulikuwa mapajani mwake.

"Hodi hapa."

"Pita. Wenyewe wapo."

"Wenyewe ndio akina nani?"

"Mama yuko jikoni anakuna nazi. Na mimi niko hapa, kama macho yako yanaona vitu vidogo."

"Siku hizi yanaona hivyo tu."

Nyamvula akainamisha uso juu ya sare ya kwaya aliyokuwa akiishona, asionekane anavyocheka. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na hakuna mwanaume aliyewahi kumfanya apoteze uzi ulio mapajani mwake.

Tsofa akapaza sauti kuelekea jikoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Mama Sarah kutoka ndani, bila kusimamisha kazi. Mbuzi ya nazi ilikuwa ikisema kwaru, kwaru. "Umekuja na makelele yako?"

"Leo nimekuja na gitaa tupu, mama. Halina umeme."

"Afadhali. Juzi mlipiga kule Kiembeni, kuku wangu hapa hawakutaga siku mbili."

"Nitawaomba radhi, mama."

"Waombe. Mimi sijakukubali, lakini kuku wana moyo mwepesi."

Mama Sarah, Sarah likiwa jina lake mwenyewe la ubatizo, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane, muumini wa kanisa, mwenye binti mmoja tu duniani. Na aliyekuwa akimtaka binti huyo alikuwa mgane, mwanaume aliyefiwa na mke, tena mwimbaji wa roki. Mama gani angeruka kwa furaha? Kwa miezi minane alikuwa hajasema ndiyo, hajasema la. Alikuwa akimpa chai na kumnyima jibu.

Huyu Tsofa ndiye aliyekuwa sauti ya Kutu. Na Kutu ndiyo ile bendi iliyoanzia kwenye banda la kuchomelea vyuma kule Changamwe, ikaenda kujaza viwanja. Vijana wa Likoni hadi Kisauni walizijua nyimbo zake kwa moyo. Lakini kujua wimbo ni mbali na kujua ulikotoka. "Panda Mkokoteni" watu waliuimbia wapenzi wao, kumbe ulitokana na siku ile gari la meneja lilipowaacha Timbwani, wakasukuma spika kwa mkokoteni hadi kwenye feri, meneja mwenyewe amelala hotelini kwenye baridi ya mashine. "Wadi ya Saba" watu waliucheza wameinua mikono juu. Ule ulikuwa wimbo wa Mweri, mkewe Tsofa, aliyefariki miaka mitatu nyuma akimngoja daktari. Daktari alikuwa mkutanoni. Mkubwa haugui kwenye foleni. Foleni imewekewa wadogo.

Wa tatu, na ndio ulioipeleka Kutu nchi nzima, ni "Nifungulie". Huo, walijua watu wawili tu ulikotoka.

Ilikuwa mwaka mmoja baada ya mazishi ya Mweri. Tsofa alifika kwenye baraza hii hii na kitenge cha marehemu, akamwomba mshonaji amshonee mfuko wa gitaa. Akakaa akingoja. Kila mkasi ulipopita kwenye kitambaa, uso wake uliruka kidogo. Nyamvula akamwonea huruma. Bila kufikiri, akavumisha puani mahadhi fulani aliyokuwa nayo tangu utotoni. Mama yake aliyaimba mara moja tu, jikoni, siku ile baba alipoletwa kutoka bandarini amefunikwa turubai. Nyamvula alikuwa na miaka tisa, kasimama nyuma ya mlango. Maneno hakuyashika. Alishika mahadhi, na akayaweka moyoni akidhani ni mahadhi ya mtu kujituliza.

"Hiyo ni nini?" Tsofa aliuliza siku ile.

"Sijui. Ni ya mama."

"Irudie."

Aliirudia. Na yule mwanaume ambaye hakuwa amelia mwaka mzima, akalia mbele ya mshonaji asiyemjua hata jina. Siku tatu baadaye alirudi, mahadhi yale yale yamepata maneno na gitaa. Na hapo ndipo mambo yao yalipoanzia, kidogo kidogo, kikombe cha chai kwa kikombe cha chai.

Sasa Tsofa alivuta kigoda karibu, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Nina habari."

"Ya kheri?"

"Leo saa kumi na moja fungua redio. Kuna kipindi cha kueleza nyimbo za Kutu, kila mmoja ulitokea wapi. Tulikaa nao Alhamisi tukarekodi kila kitu. Mkokoteni, wadi, yote."

"Na Nifungulie?"

"Huo nimewaambia ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba ni wimbo wako."

Nyamvula aliinua macho. Macho yao yakakutana na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuyaondoa. Kulikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya Tsofa, na kila alipoona haya kovu lile lilikuwa likizama. Sasa lilikuwa limezama.

"Tsofa, mama hajakukubali bado."

"Ndiyo maana nimeanza na nchi nzima. Mama atabaki peke yake, atachoka."

"Wewe humjui mama."

"Nimeongeza na kitu. Ubeti wa mwisho. Hauna ngoma, hauna umeme, ni gitaa na mdomo. Walioko studio walinyamaza wote. Nikupigie?"

"Kama hutawaua kuku."

Akalitoa gitaa, akalilaza pajani. Akaanza.

Nyamvula alikuwa ameusikia wimbo ule mara elfu, lakini daima ukiwa umevishwa ngoma na magitaa yanayolia kama bati linalochanwa. Leo ulikuwa uchi. Mahadhi yalitoka polepole, yale yale ya nyuma ya mlango, mfupa kwa mfupa. Na Tsofa akaimba akimtazama:

*Nyamvula, nifungulie,*
*nimesimama hapa mlangoni.*
*Nyamvula, njia imekwisha,*
*Nyamvula, nipokee.*

Kifua cha Nyamvula kikajaa. Hakuna mtu aliyewahi kuliita jina lake namna ile, kama kitu cha kubebwa kwa mikono miwili. Alitaka kumwambia aurudie.

Halafu akasikia kimya. Mbuzi ya nazi ilikuwa imenyamaza. Baridi ikampanda kutoka nyayo hadi kwenye shingo, na jua liko pale pale.

Mama Sarah alitoka jikoni miguu mitupu, mikono imejaa machicha ya nazi. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, fundo zito, vile wanawake wanavyojifunga wanapokwenda msibani. Hakumtazama Tsofa wala Nyamvula. Alitazama barabarani, kama mtu anayengoja gari lililobeba kitu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Mama?"

"Nauliza nani amekufa. Nimesikia jina."

Ndipo akamwona bintiye. Akamshika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuza huku na huku, machicha yakabaki mashavuni mwa Nyamvula.

Tsofa alisimama. "Mama, ni wimbo tu. Nilikuwa namwimbia."

"Nani aliyekupa?"

Tsofa akaangusha macho kwenye gitaa. Alikuwa na adabu hiyo, ya kutomtaja mwenzake.

"Ni mimi, mama," Nyamvula akasema.

Kabla Mama Sarah hajasema lolote, mlango wa ua ukafunguka. Hawe Kadzo aliingia, bibi wa nyumba ya pili, aliyezaliwa Kaloleni kama Mama Sarah na ambaye mtaa mzima ulimwita hawe, yaani bibi. Nyuma yake walikuwa wanawake wawili watu wazima. Wote wamejifunga leso viunoni. Hawe alikuwa ameanza kilio kile cha chini, cha kooni. Hakuna aliyewaita. Walisikia mahadhi na jina, wakaacha walichokuwa wakifanya, wakaja.

Hawe akamwona Nyamvula amesimama. Kilio kikakatika.

"Huyu si yuko hai?"

"Yuko hai," alisema Mama Sarah.

"Mbona ametajwa?"

Mmoja wa wale wanawake alijisogeza nyuma hatua moja, mbali na Nyamvula, na Nyamvula aliliona hilo.

Mama Sarah akakaa kwenye kizingiti. "Hiyo mnayoichezea ni kifudu," akasema, sauti imeshuka. "Si wimbo wa kujiimbia. Ni wa wanawake, na ni wa matanga. Una vyungu vyake vya mila, una siku yake. Mama yangu ndiye aliyekuwa akivitunza kule nyumbani. Mimi nilipookoka niliviacha, sikutaka hata kuvisikia. Lakini siku ile alipoletwa baba yako, mdomo ulinishinda."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa mtoto. Na mimi nilikuwa naona haya na watu wa kanisani."

"Mama," Tsofa akasema kwa upole, "huu wimbo una miaka miwili nje. Watu wanaucheza harusini. Hakuna aliyedhurika."

Hawe Kadzo ndiye aliyemjibu. "Ulikuwa hauna jina, baba, na makelele yenu yaliuficha. Ulikuwa unazurura tu. Jina linalotiwa mle ni la maiti. Mtu akishatajwa mle, safari yake imetangazwa. Leo umeupa jina."

Tsofa alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mke wangu hakuuawa na wimbo, hawe. Aliuawa na watu wenye ofisi na viyoyozi. Mkitaka kuogopa, ogopeni hao."

"Sijasema mkeo aliuawa na wimbo. Nimesema huyu ametajwa."

"Umemtaja hapa tu?" Mama Sarah akauliza.

Tsofa na Nyamvula walitazamana. Hilo lilikuwa limewapita wote wawili, na sasa likawafikia pamoja.

"Leo saa kumi na moja," Nyamvula akasema polepole. "Redioni. Na jina langu."

Hawe akauma kidole cha shahada.

"Uzuie, Tsofa," Nyamvula akasema. "Si kwa kuamini. Mtazame mama alivyo. Uzuie kwa ajili yake."

Tsofa alitoa simu, akampigia Morgan, meneja wa Kutu, mtu wa bara aliyekuja pwani na begi moja na sasa ana nyumba yenye lifti. Akaiweka sauti nje ili wote wasikie. Ilikuwa saa kumi na robo.

"Morgan, ule ubeti wa mwisho utolewe."

"Ubeti gani?"

"Wenye jina."

"Bro, hiyo ndiyo inauza. Mtangazaji alilia, si uliona?"

"Nimesema utolewe."

"Hiyo kitu iko kwa mashine tangu jana. Unataka niende nivunje mlango ya watu Jumamosi?"

"Nitampigia mtangazaji mwenyewe."

"Mpigie. Simu anazima akiingia kazi. Na kila kitu imepitia kwa mkono yangu, uliweka sahihi." Kulikuwa na sauti ya vijiko na sahani nyuma yake, mkubwa alikuwa anakula. "Tulia, buda. Ni jina tu. Hakuna kitu itafanyika. Wewe ngoja."

Simu ikakatika. Tsofa akapiga nambari ya mtangazaji. Imezimwa. Akapiga ya ofisini. Ikalia hadi ikachoka. Wenye kushika vifunguo ndivyo walivyo. Ukiwatafuta kwa kheri ya mtu huwapati, na hasara ikishatokea watakutumia salamu za rambirambi zenye muhuri.

Tsofa aliishusha simu taratibu. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Nyamvula hakuelewa ni neno gani la Morgan lililoubadilisha.

"Hakuna la kufanya?" Tsofa akamuuliza Hawe.

"Lipo. Ni zito."

"Sema."

"Uliyeuimba uuimbe tena, hapa, kabla haujaimbwa kule. Utie jina la aliyekufa kweli, na awe wa kwako, si wa kuazima. Sisi tuitikie hadi mwisho. Wimbo ukishapata mtu wake hautafuti mwingine."

Kila mtu pale barazani alijua jina ni lipi.

"Alizikwa kwa wimbo gani, huyo marehemu?" mmoja wa wale wanawake akauliza.

"Hakuna," Tsofa akasema. "Nilikataza. Walikuja na ngoma nikawafukuza. Nilikuwa na hasira na kila mtu, nikasema asiimbe mtu. Tulimfukia kimya kimya."

Wanawake watatu wakatazamana.

"Basi," alisema Hawe, "tangu siku ile ulikuwa ukimtafuta yeye."

"Mwambie na lililobaki," Mama Sarah akasema. "Usimfiche."

Hawe alikaza fundo la leso kabla hajaendelea. "Ukimtaja mle, matanga yake yanaanza upya. Unarudi kuwa mume wake. Utanyolewa leo hii, utakwenda kulala chini kwenye nyumba mliyoishi naye. Na mwenye matanga haoi, wala haposi, wala hashikwi mkono na mwanamke."

"Kwa muda gani?"

"Hadi akuachie mwenyewe."

"Nitajuaje kama ameniachia?"

"Hilo sijui, mwanangu. Nimewaona wanaume wawili wakikubali. Hakuna aliyerudi kutuambia."

Nyamvula akamshika Tsofa mkono mbele ya wote, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Nipeni dakika mbili naye," akasema. Hakungoja ruhusa. Akamvuta hadi nyuma ya nyumba, kwenye madumu ya maji, mahali ambapo sare za kwaya zilikuwa zimeanikwa.

Wakasimama katikati ya zile sare nyekundu. Kwa mbali mtu alikuwa akigongagonga bati.

"Unaamini haya?" Nyamvula akauliza.

"Siamini."

"Basi usifanye."

"Na wewe je, unaamini?"

Alitaka kusema la. "Sijui. Ulipoliita jina langu nilifurahi, Tsofa. Nilifurahi hadi nikaona haya. Halafu nikasikia baridi. Ndiyo hiyo tu ninayoijua."

Alipolitaja neno lile, Tsofa alifumba macho.

"Mweri aliniambia hivyo hivyo. Nasikia baridi. Ilikuwa saa nne asubuhi, joto la kukaanga yai. Nikamfuata muuguzi. Muuguzi akampigia mkubwa wake. Mkubwa akasema hakuna kitakachofanyika, mngoje. Nikarudi kukaa kwenye benchi." Akafumbua macho. "Nilikaa, Nyamvula. Watu wanaposimulia wanasema nilipigana na madaktari, wimbo wenyewe unasema nilivunja mlango. Sikuvunja kitu. Niliona koti jeupe nikawa na adabu. Nilikaa vizuri, miguu pamoja, hadi saa tisa."

"Hukuniambia hilo."

"Sijamwambia mtu. Hata redioni Alhamisi niliwaambia habari ya mlango."

Nyamvula aliweka kiganja chake kwenye kifua cha lile shati jeupe. Moyo ulikuwa ukienda mbio humo ndani.

"Mimi sitakufa kwa wimbo," akasema. "Nitakufa nimezeeka, nina meno mawili, nimechoka na wewe."

"Nilitaka kuyaona hayo meno mawili."

"Basi yangoje. Mwambie Hawe hapana. Mama atanuna wiki, atasali, yatapita. Tusikilize hicho kipindi, tucheke, Jumatatu uje na wazee wako. Nilishaamua kukubali, Tsofa. Hata mama akikataa. Nilikuwa nimeamua tangu mwezi uliopita, nikawa najivuta tu nikuone ukihangaika."

Kovu likazama. Alimtazama kama mtu anayesoma barua ambayo hataruhusiwa kubaki nayo, nywele, paji, midomo, kila kitu kwa zamu.

"Mtu akiniambia tena hakuna kitakachofanyika, ngoja," akasema, "mimi siwezi kukaa. Hata kama ni kweli hakuna. Siwezi, Nyamvula. Benchi lile bado linaniunguza."

"Hata kama ndiyo kunipoteza?"

"Nikikupoteza ukiwa hai, nitakuona ukipita kwenda sokoni."

"Na mimi nitakuona vipi? Nikuone nikufanye nini?"

Tsofa akainua kidole gumba, akamfuta machicha ya nazi shavuni, upande mmoja, kisha wa pili, taratibu, kama kazi isiyotakiwa kwisha. Kisha akarudi mbele.

Mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Hawe alilisukuma gitaa pembeni kwa mguu. "Hili liache. Mdomo wako unatosha." Akamgeukia Nyamvula. "Na wewe simama mlangoni. Usiitikie. Hata ukisikia moyo unataka, usiitikie."

Tsofa aliketi juu ya mkeka, akavua viatu. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Akaanza.

Sauti iliyozoea kushindana na spika ilitoka kavu, karibu haisikiki. Alifika mahali pa jina akakwama. Wanawake wakangoja. Akarudi mwanzo, akafika tena, na safari hii akalitaja.

*Mweri.*

Wanawake wakaitikia. Haikuwa sauti ya kwaya, wala ya kitu chochote Nyamvula alichowahi kukisikia kanisani au jukwaani. Ilitoka chini, ikajaa baraza, ikamfunika Tsofa kama maji yanavyofunika jiwe. Na Mama Sarah, ambaye miaka kumi na minane alikuwa ameufunga mdomo wake juu ya jambo hilo, aliufungua. Alikuwa anajua kila neno.

*Mweri, nifungulie.*

Safari ya tatu Tsofa hakukwama. Ya nne mabega yalianza kumshuka. Ya saba alikuwa haimbi tena kwa kulazimishwa. Alikuwa ameinua uso, amefumba macho, na anamwambia mtu. Nyamvula aliuona uso ule akiwa pale mlangoni. Aliujua. Ndio uso aliokuwa akimwonyesha yeye alipomwimbia. Midomo ya Nyamvula ikafunguka yenyewe, mahadhi yakampanda kooni. Akaiuma midomo hadi akasikia chumvi.

Wakamaliza. Hawe akampaka Tsofa maji kichwani, akamwomba Mama Sarah wembe. Akaanza kumnyoa, nywele zikidondoka juu ya shati jeupe.

Saa kumi na moja, redio ya kioski cha maji ikafunguliwa.

Sauti ya mtangazaji ilikuwa changamfu. Ikaja hadithi ya mkokoteni, watu kioskini wakacheka. Ikaja hadithi ya wadi, na sauti ya Tsofa mwenyewe ikieleza alivyouvunja mlango kwa bega. Tsofa aliyekuwa kwenye mkeka hakuinua kichwa. Kisha mtangazaji akasema sasa tunafika kwenye wimbo ambao kila mtu ameungoja, na leo kwa mara ya kwanza mtajua ni wa nani.

Mtu akaongeza sauti. Nyumba ya pili ikaongeza. Ya tatu, ya nne, kule ng'ambo ya barabara, kwenye pikipiki iliyosimama, kwenye simu ya msichana anayepita na ndoo. Mtaa mzima ulikuwa na redio moja.

*Nyamvula, nifungulie.*

Wale wanawake wawili wakainamisha vichwa. Mama Sarah akaziba masikio.

*Nyamvula, njia imekwisha.*

Jina lake lilitoka madirishani, likatoka juu ya mapaa, likaja kutoka pande zote kama watu wengi wanaomwita mara moja, na baridi ile ikarudi, safari hii hadi vidoleni. Alisahau alichoambiwa. Akatoka mlangoni, akapiga magoti kando ya mkeka, akanyoosha mkono kuushika mkono wa Tsofa, kama mtu yeyote anavyomtafuta wake anapoogopa.

Tsofa aliutazama ule mkono. Hakuusogelea. Macho yake yalikuwa mbali, na yalikuwa na machozi ambayo hayakuwa ya Nyamvula.

Vidole vya Hawe Kadzo vikamshika Nyamvula kifundo cha mkono, kwa upole, vikamrudisha.

"Mwache, mwanangu," akamwambia. "Huyo ni mume wa mtu."